Macho ya Wavu

Mwenzangu msomaji, huenda ukashangaa kumwona mwanafunzi wa uhandisi akijipenyeza katika jarida la wapenzi wa Kiswahili. Nivumilie. Kisa changu ni cha wavu, japo si wa samaki.

Katika mwaka wangu wa mwisho nilipewa mradi wa kukokotoa kwa kompyuta mwendo wa maji katika kiwiko cha bomba. Kompyuta haiwezi kutatua milinganyo ya Navier na Stokes kila mahali majini. Sharti nafasi yote ndani ya bomba igawanywe vijichumba, na hesabu ifanywe kwa kila kimoja. Vyote pamoja ndivyo wavu. Lewis Fry Richardson aliigawa ramani ya Ulaya miraba hivyo hivyo, akakokotoa hali ya hewa kwa mkono. Hesabu aliyoichapisha mwaka 1922 ilikosea vibaya, ingawa njia yenyewe imedumu.

Wavu wangu ulikuwa na macho makubwa. Picha ilipendeza, rangi zilimeremeta, nami nikaandika ripoti. Siku tatu kabla ya kuiwasilisha, mwalimu wangu akaniuliza: "Umejaribu macho madogo zaidi?"

Sikuwa nimejaribu. Maji yanayogusa ukuta wa bomba hayasogei. Milimita chache kutoka hapo yanakimbia. Badiliko hilo lote lilikuwa limemezwa na kijichumba kimoja. Nikayapunguza macho kwa nusu kila upande, vijichumba vikawa mara 8, kompyuta ikakesha nami. Upungufu wa shinikizo haukufanana na ule wa awali hata kidogo. Nikapunguza tena, safari hii karibu na ukuta tu, maana katikati hapakuwa na haja. Ukabadilika tena, ila kidogo.

Sitaficha kwamba nilishawishika kuziacha takwimu za kwanza. Nani angejua? Mwishowe niliziandika zote tatu, na kukiri kwamba wavu wa nne ungeweza kuja na jibu jingine. Alama zilipungua.

Likizoni nilimsimulia mjomba wangu, mshona nyavu. Niliogopa kukosa istilahi, kumbe yeye alikuwa nazo: jicho, fundo, uzi. Alinisikiliza hadi mwisho, sindano mkononi.

"Na huo wako, mwanangu, unanasa nini?"

"Shinikizo la maji, mjomba."

Akacheka, akaendelea kushona.