Nilimpima Mama Huku Namsemesha

Mashine ya presha niliinunua Kariakoo, nikamtumia mama Pangani kwa basi pamoja na sukari na kanga doti moja. Nilijiona mtoto kweli kweli. Tukapatana: kila siku saa moja asubuhi nampigia simu ya video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Haya, vaa mkanda, bonyeza."

Mkanda unajaa upepo, mimi nauliza. Umelala? Dawa umemeza? Mbona nasikia jana ulikula ng'onda, na chumvi yote ile? Mama ananijibu moja baada ya jingine, maana kwao mtu hakatiwi maneno. Mashine inalia, anaisogeza mbele ya simu, nasoma: 152 kwa 90. Kesho yake 158 kwa 92. Naziingiza kwenye jedwali langu, kwa rangi nyekundu.

Baada ya miezi mitatu nikampigia daktari ninayefahamiana naye, ambaye hajawahi kumwona mama, nikamsomea zile namba kwa sauti ya mtu anayejua. Sikumwambia kwamba mama ana mkono mnene na mkanda ule unafungika kwa taabu. Sikumwambia kwa kuwa sikudhani kama hiyo nayo ni habari. Amlodipini ikapandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10.

Miguu ikaanza kuvimba vifundoni. Dawa hiyo inajulikana kwa hilo, na dozi ikizidi uvimbe nao huzidi. Mimi nikajua presha ndiyo imekaza, nikaanza kupiga mara mbili kwa siku. Akaniambia akiinuka kwenye msala anaona giza. Nikamwambia anywe maji. Nilikuwa naingia kikaoni. Siku aliyoning'inia kwenye mlango wa choo asianguke hakuniambia yeye. Nilisikia kwa binti wa dada yangu anayekaa na mama.

Ijumaa nikapanda basi. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimkalisha mama kwenye kiti cha kuegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akachukua mkanda mpana kuliko wetu. Nikafungua laptop nianze kumweleza.

"Kaka, tunyamaze kwanza."

Tulikaa kimya dakika tano. Ndipo nikamtazama mama usoni, nikaona alivyokonda. Namba ikatoka: 122 kwa 74. Akamsimamisha, akapima tena. Ya juu ikashuka mpaka 98.

Kuongea wakati wa kupima kunaweza kupandisha presha kwa pointi kumi na zaidi. Mkanda mdogo nao unaongeza chake: mwaka 2023 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba anayehitaji mkanda mkubwa akipimwa kwa wa kawaida, namba ya juu huzidi kwa karibu 5, na anayehitaji mkubwa kuliko huo, kwa karibu 20. Lakini sikuhitaji watafiti. Kijitabu cha mashine kilisema mtu apumzike, asizungumze. Nilikiona, sikukisoma.

Na hata hilo ni nusu tu ya kosa. Zile namba kubwa nilizipenda. Zikiwa kubwa, simu yangu ya asubuhi inaokoa maisha. Zikiwa za kawaida, mimi ni mtu asiyetia mguu kwao tangu Idi ya mwaka uliopita, na nauli anayo.

Daktari aliirudisha dozi kwenye 5. Uvimbe ukapungua, giza likaisha. Nilimwomba mama radhi barazani. Akacheka, akasema alijua tangu mwanzo kwamba mashine ile haipendi kelele, ila aliona nikinyamazishwa nitakata simu.

Siku hizi anapima peke yake, kwa mkanda mpana, akimaliza ananibipu. Mara nyingine bipu haiji mpaka saa nne. Nikimuuliza, ananiambia alikuwa uani anaanika ng'onda.