Jiko la Nyuma

Mwaka 2024 niliandika makala kuhusu mama yangu bila kusema ni mama yangu. Nilimwita "mkazi mmoja wa Kimandolu". Kwenye makala ile mkazi huyo alikuwa ameachana na mkaa, anapikia gesi, macho hayamwashi tena. Picha nilipiga mwenyewe: mama amesimama mbele ya jiko la gesi, kavaa kitenge kipya, anatabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu.

Ilikuwa Mei. Tarehe 14 ya mwezi ule Rais Samia alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, na zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Hapa nyumbani tulikuwa na mkakati mpya wa taifa: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mhariri alitaka habari yenye sura ya mtu. Sikwenda mbali kuitafuta.

Jumapili iliyofuata nikaenda kumsalimia, gazeti kwapani. Sebuleni hayupo. Nikazunguka nyuma, kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa banda la kuku. Jiko la mkaa linawaka, juu yake sufuria kubwa ya makande, mama yuko kwenye kigoda anapepea moto kwa kifuniko cha ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona hukupiga simu?"

Nikaingia ndani kuangalia. Mtungi wa gesi umefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya zamani. Nikarudi nje.

"Si uliniambia unapikia gesi?"

"Napikia. Chai napikia gesi. Mayai napikia gesi. Uliniuliza kama napikia gesi, nikasema ndiyo. Hukuniuliza makande."

Makande ndiyo kazi yake. Kila mchana anawauzia mafundi wa gereji kule karibu na barabara kubwa ya Moshi. Mahindi na maharage yanataka saa tatu, wakati mwingine nne. Ukiyaweka kwenye mtungi wa kilo 6, mtungi hauoni wiki, na kuujaza tena ni zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo. "Mkaa nanunua hata wa buku," aliniambia. "Gesi ya buku ipo?" Sikuwa na jibu. Halafu akakohoa, kile kikohozi chake kirefu, na mimi nikaangalia pembeni.

Kikohozi hicho ndicho kilichotufanya mimi na dada tununue ule mtungi. Daktari alimwambia akae mbali na moshi. Shirika la Afya Duniani linasema moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Namba hiyo naijua kwa kichwa, nimeiandika mara nyingi. Haijawahi kunisaidia kubishana na mama.

Baada ya siku ile ndipo nilipoanza kusoma. Nakiri, nilisoma baada ya makala, siyo kabla. Kwa miaka mingi wasomi wa nishati walikuwa na picha ya ngazi: mtu akiwa maskini anapikia kuni, kipato kikipanda anapanda kwenye mkaa, halafu mafuta ya taa, halafu gesi, halafu umeme, na kila akipanda anaiacha ya chini. Mwaka 2000 Omar Masera na wenzake wawili wakachapisha utafiti kutoka vijiji vya Mexico wakasema hapana, watu hawapandi hivyo. Wanaongeza jiko jipya na la zamani wanabaki nalo, kila chakula na jiko lake. Yaani miaka ishirini na nne kabla yangu kulikuwa na watu wamekwishaandika kuhusu banda la kuku la mama.

Kilichoniuma zaidi ni utafiti wa Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya, uliotoka mwaka 2024 kwenye jarida la Nature Sustainability. Walichunguza miradi ya majiko inayouza hati za kaboni. Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza: kampuni ya nje inayotaka kusema imefikia sifuri, yaani inaondoa hewa ukaa nyingi kama inayotoa, inalipia majiko bora kwa watu kama mama, kisha inahesabu kuni na mkaa ambao haukuchomwa kuwa punguzo lake. Wakakuta miradi waliyoichunguza ilijihesabia punguzo, kwa wastani, mara 9.2 ya lile la kweli. Sababu ni kadhaa, na mojawapo ni makadirio ya misitu iliyokatwa bila kuota tena. Lakini nyingine ni ndogo, ya aibu: mtu anakuja nyumbani kwako na dodoso, anakuuliza kama unatumia jiko alilokupa, na wewe, kwa adabu tu, unasema ndiyo. Jiko la nyuma haliulizwi.

Mtu wa dodoso kwetu nilikuwa mimi. Na kikombe cha chai nilipewa.

Kwenye kumbi za wasomi mjadala ni mkubwa kuliko sufuria. Mwaka 2021 Yemi Osinbajo, wakati huo makamu wa rais wa Nigeria, aliandika kwenye Foreign Affairs kwamba nchi tajiri zikikataa kufadhili gesi Afrika zinatunyima maendeleo kwa dhambi ambayo hatukuitenda. Mohamed Adow wa Power Shift Africa, Nairobi, anaona gesi ni mtego: tutajenga mabomba na mitambo ya kuwauzia wengine, tubaki na madeni dunia ikihamia kwenye jua na upepo. Nimewahi kukaa kwenye ukumbi mmoja hapa Arusha nikasikia hoja zote mbili zikirushwa kabla ya chakula cha mchana. Chakula chenyewe, nilichungulia, kilipikwa kwa kuni.

Ukinibana nichague, kwenye mabomba nipo na Adow. Kwenye jiko la mama nipo na Osinbajo, japo hapo kuna kitu huwa tunakichanganya. Tunajivunia futi za ujazo trilioni 57 za gesi asilia, lakini iliyomo kwenye mtungi siyo hiyo. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inakwenda zaidi kwenye umeme na viwanda. Ya mtungi karibu yote inakuja kwa meli. Bei yake haipangwi Kimandolu.

Halafu kuna bibi. Kwa bibi, upande wa Akheri, mlimani, kulikuwa na mtambo wa biogesi. Arusha ina historia kwenye jambo hili ambayo sisi wenyeji hatuitangazi: CAMARTEC, iliyo hapa hapa mjini, ilifanya kazi na Wajerumani miaka ya 1980 hadi wakapata muundo wa kuba la matofali lililofukiwa ardhini, na mwaka 1991 ukatolewa kitabu kizima Ujerumani kuhusu mtambo huo. Wa bibi ulikuwa wa aina hiyo. Ng'ombe wawili wa ndani, samadi inakorogwa na maji asubuhi, jioni moto wa bluu. Makande yalichemka kwenye moto ule na hakuna aliyekohoa.

Uliishia vipi? Hakuna kilichoharibika. Mwaka nilioingia chuo kikuu ng'ombe waliuzwa kulipa ada. Mtambo bila ng'ombe ni shimo. Miaka hii nikisoma tafiti za mitambo ya biogesi iliyotelekezwa, nakuta sababu kama "upungufu wa samadi", na najua ni nani alizila zile ng'ombe.

Makala ile niliomba isahihishwe. Nikaambiwa hakuna msomaji aliyelalamika. Ni kweli, hakuna.

Mwaka huu nimemletea mama jiko la presha la umeme. Hapo wataalamu wanakubaliana kuliko kawaida: kwenye maharage ndiko linakookoa umeme mwingi zaidi. Mama alilizunguka, akafungua kifuniko, akapima kwa macho. "Hili ni la lita sita," akasema. "Mafundi wangu ni arobaini." Ila anachemshia maharage ya nyumbani, na anasema yanaiva kabla hajamaliza kupiga deki. Nikatoa daftari niandike.

"Leo unauliza kama nani?" akaniuliza. "Mwanangu au gazeti?"

"Mwanao."

"Basi njoo nyuma unipepelee moto, mafundi wanakuja saa saba."