Ukoga

Mashine ya kahawa ya marehemu baba ilifanya kazi Moshi miaka saba bila kusumbua. Nilipohamia nayo Dodoma, haikumaliza miezi minne. Ikaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima, na kahawa ikawa inatoka kwa matone, vuguvugu. Fundi aliifungua akanionyesha ukoga mweupe ndani, mgumu kama ule wa meno.

“Dada, nunua nyingine tu.”

Baba hakuacha vitu vingi. Kwenye swichi ya mashine ile alama zimefutika pale kidole chake kilipozoea kubonyeza.

Sisi tuliokuja baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, tunasema maji ya Dodoma yana chumvi, na tunayalalamikia kama wageni wasiopenda chakula cha mwenyeji. Lakini kinachoganda kwenye mashine si chumvi ya mezani. Maji mengi ya mji huu huvutwa kutoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Yakiwa chini huko, huyeyusha kalsiamu na magnesiamu za miamba. Yakipashwa moto, kalsiamu hugeuka chokaa na kung’ang’ania chuma. Ukoga ule ni ardhi ya Dodoma yenyewe, imenifuata hadi jikoni.

Chokaa huyeyushwa na asidi. Nakamua ndimu sita, nachuja vizuri nyama zisizibe mirija, nachanganya na maji kwenye tangi, bila kahawa. Nawasha mpaka nusu ipite, nazima, naacha nusu saa. Ndani husikika mchemko mdogo, ingawa moto umezimwa: ni hewa inayotoka chokaa ikiliwa. Namalizia nusu iliyobaki, kisha napitisha maji matupu mara mbili, ladha ya ndimu iondoke.

Bibi jirani, Mgogo, alinikuta nikikamua akacheka. “Mwanangu, sisi masufuria twayasugua kwa ukwaju. Na maji hayo hayo ndiyo yaliyotulea.”

Sasa nafanya hivyo kila mwezi. Ndimu za sokoni hupanda bei kiangazi, basi nimepanda mche nyuma ya nyumba.

Nilimwambia mama kwenye simu. Akauliza mndimu huzaa baada ya muda gani. Nikamjibu, miaka mitatu hivi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mashine ya baba bado inafanya kazi.