Ziwa Kivu: sambaza juu, gesi chini

Anayepanda boti ya usiku kutoka Goma kwenda Bukavu huona taa nyingi zikicheza juu ya maji, utafikiri ni mtaa mwingine wa mji. Hizo ni taa za wavuvi wa sambaza. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanashusha wavu, kisha wanangoja samaki wavutwe na mwanga. Usiku wa mbalamwezi wanapata kidogo, maana ziwa lote linang'aa na taa haina tena nguvu ya kuwaita. Mama anayeuza sambaza anaufuata mwezi kuliko kalenda ya ukutani.

Wengi hawajui kwamba sambaza si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa mwaka 1959 kutoka Ziwa Tanganyika. Zamani sana maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa mto Nile. Volkano za Virunga zikaziba njia, yakageukia kusini, na leo yanashuka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika. Ziwa lilikuwa na aina chache tu za samaki, na katikati yake hapakuwa na kitu cha kuvua. Leo mgeni huyo analisha nyumba nyingi. Analiwa mzima na mifupa yake, na mifupa hiyo inampa mtoto kalisiamu. Akikaushwa vizuri na kusagwa, unga wake unaingia hata katika uji. Lakini wale wanaozoa vitoto vya sambaza kwa chandarua pembeni ya ziwa wanakula mbegu ya kesho, na sisi tunaowanunulia tunawasaidia.

Ziwa lina kina cha mita 485 hivi. Kupita mita 250 kwenda chini, maji yamebeba gesi mbili kwa wingi: metani na gesi karboniki. Metani inawaka. Wenzetu wa Rwanda, upande wa Kibuye, wanaitoa na kufanya umeme, megawati 26. Sisi tungali tunabeba makala kutoka msituni.

Gesi karboniki haiwaki, nayo inatoka pia ardhini, kwenye mawe ya volkano, magharibi ya Goma kuelekea Sake. Ndiyo hiyo tunayoita mazuku. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mabondeni na mashimoni kama maji yasiyoonekana. Haina rangi wala harufu. Mchana upepo unaitawanya. Usiku na alfajiri inatulia, na ndio saa ambazo watoto wanatumwa kuchota maji. Mtu mzima anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu yake, huku mtoto au mbuzi anayetembea kando yake akiivuta. Ukiona ndege au wadudu wengi wamekufa mahali pa chini, au moto wa kibiriti unazimika bila upepo, panda juu haraka. Kichwa kikizunguka na pumzi ikibana, usikae chini kupumzika.

Na mtoto akianguka bondeni, usishuke kumwinua, hata kama ni wako. Mazuku yameua wengi waliokimbilia kuokoa. Piga kelele, watu walete kamba na mti mrefu, avutwe kutoka juu.