Nilikwenda Bujora Kutazama, Nikapewa Jembe

Muuguzi wa kliniki alinipa karatasi iliyoandikwa dakika 150. Ndizo ninazotakiwa kuutoa mwili jasho kila wiki, maana presha imepanda na umri ni miaka 52. Nikatembea siku tatu barabara ya Raskazone, hapa kwetu Tanga. Ya nne ikanyesha, ya tano kukawa na harusi. Basi shoga yangu tuliyesoma naye ualimu, aliyeolewa Mwanza, aliponipigia simu akasema, "Njoo Juni uone watu wazima wanavyotoka jasho kwa raha zao," nilifunga begi. Afadhali hayo kuliko kuzunguka mjini peke yangu kama niliyepotelewa na mbuzi.

Nilikuwa sijavuka Dodoma maishani. Siku ya kwanza ilikuwa ya basi na miguu kuvimba, haina la kusimulia. Ya pili, tulipoiacha Singida nyuma, nchi ikafunguka: tambarare, vumbi, ng'ombe wengi kuliko watu. Mwanza tuliingia jioni, nikabaki mdomo wazi. Mawe makubwa kama nyumba yamepandana kama mafungu ya maembe sokoni, na watu wamejenga katikati yake bila wasiwasi. Asubuhi nikashuka ziwani, nikachovya kidole nikalamba. Maji yote yale, hayana chumvi! Mchana nikaletewa sato wa kuchemsha, nikauliza nazi iko wapi. Walicheka hadi mtoto aliyelala akaamka.

Siku ya nne tukapanda daladala la Kisesa, tukapita Igoma, tukafika Bujora. Pale pana makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada aliyefika miaka ya 1950 akazipenda ngoma za wenyeji. Ndani mna ngoma za watemi, na jengo moja limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Lakini sikukaa sana humo, maana nje palikuwa panavuma. Ilikuwa Bulabo, msimu wa mashindano unaofuatana na sikukuu ya Ekaristi.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huku na huku. Nikamuuliza shoga yangu tutazame lipi. "Linalokuvuta," akasema. Kumbe ndiyo hukumu yenyewe: hakuna meza ya majaji, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Umati unamiminika upande huu, mara wenzao wanatoa chatu, umati wote unageuka mbio. Nami nikageuka, viatu mkononi.

Pande hizo mbili zinaitwa Bagika na Bagalu. Zimetokana na Ngika na Gumha, waganga wa karne ya 19 walioshindana nani mwenye dawa kali, na mpaka leo ushindani unamalizwa kwa miguu na sauti. Nilipoelezwa hayo nikamkumbuka babu. Tanga ya zamani kulikuwa na ngoma ya beni yenye pande mbili, Marini na Arinoti, na babu yangu wa Marini hakukubali hata chai ya mtu wa Arinoti. Beni letu limebaki hadithi. Sisi siku hizi ngoma tunaitazama ukumbini, tumekaa kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, sahani ya pilau mapajani.

Manju wa Bagalu, yule anayeongoza nyimbo, alikuwa mzee mwembamba, sauti kama ya kengele. Alipoimba, watu wakaangua kicheko, mwanamume mmoja mbele yangu akainamisha kichwa. Shoga akanitafsiria: anamsema baba aliyeuza ng'ombe wa karo akazinywea pombe fedha. Hakutaja jina. Mikutano ya wazazi shuleni kwangu nimeiendesha miaka ishirini, na sijawahi kumwinamisha mtu kichwa namna ile.

Kisha ikaja bugobogobo, ngoma ya majembe. Asili yake ni shambani: vijana wanakusanyika kulima shamba la mmoja wao, mpigangoma anaweka mwendo, majembe yanapanda na kushuka pamoja hadi jua linazama. Uwanjani wanalirusha jembe juu, linazunguka, wanalidaka kwa mpini bila kulitazama. Nilisimama karibu mno. Bibi mmoja, kichwa cheupe, akaniona napigapiga mguu. "Mwanangu, unaogopa nini?" Akanikabidhi jembe.

Mpini ulikuwa umelainika kwa viganja vya watu, kama mwiko wa zamani. Nikainama, nikainuka, nikakosea, jembe la jirani likapita sentimita chache kutoka kwenye dera langu. Dakika ya tano pumzi ikaniishia. Bibi alikuwa bado anaimba! Nikaona aibu kuacha mbele yake, nikapunguza mwendo, nikashika pigo la ngoma badala ya kulikimbiza, na taratibu pumzi ikarudi. Nilipotoka nilitazama simu: dakika arobaini. Nilikuwa sijahesabu hata moja.

"Wabeja," nikamwambia, neno pekee la Kisukuma nililokuwa nimeshika. Akanipa kipande cha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, vigumu kama kashata iliyolala.

Kesho yake stendi ya Nyegezi mapaja hayakunyanyuka. Konda akanishika mkono kunipandisha basini.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa nalima."