Mkojo Unapotoka Bila Hiari

Kuna jambo tunalonong'onezana nyuma ya kanisa lakini kliniki hatulitaji. Ukicheka, ukipiga chafya au ukijitwika ndoo ya maji, mkojo kidogo unatoka. Tumewaona wenzetu wakiacha kwaya kwa sababu hiyo, wengine wakikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, wengine wakijinyima maji hadi midomo ikawakauka. Mume haambiwi. Husema ni uzee, hali wana miaka 35.

Sisi wauguzi tunajua kwamba mara nyingi ni misuli iliyolegea. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela, nayo hubeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa. Mimba na uzazi huinyoosha; kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu na mizigo mizito huidhoofisha. Lakini misuli hufundishika. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika juu ya mazoezi yake mwaka 1948, na hadi leo ndiyo tiba tunayoanza nayo.

Bana kama unayezuia upepo usikutoke mbele za watu (mnacheka, lakini hatujapata maelezo bora), na papo hapo kama unayezuia mkojo. Vuta kwa ndani, kuelekea juu. Tumbo, makalio na mapaja yatulie, na pumzi usiizuie. Hesabu hadi 5, legeza, pumzika kwa hesabu ya 5. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Misuli ikipata nguvu, bana hadi hesabu ya 10. Usizoee kufanya zoezi hili huku unakojoa, maana kibofu kitabaki na mkojo. Ukiwa umeketi ibadani waweza kulifanya, na jirani yako asijue. Chafya ikija, bana kwanza.

Wengi huacha baada ya juma moja. Jipe walau miezi 3.

Ila mkojo ukitoka mfululizo, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa kujifungua uliochukua muda mrefu, yaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Tundu hilo kwa kawaida huhitaji upasuaji, mazoezi hayalizibi. Mkojo wenye damu, au wenye maumivu na homa, nao ni wa kupelekwa hospitali mapema. Na muuguzi akikuuliza, "Kuna lingine, mama?" usimjibu kwamba hakuna.