Mzigo wa Fimbo 14

Sisi watu wa Sakania tunajua mizigo. Tangu reli ilipofika hapa mwaka 1909, watu wanapakia na kushusha. Wengine wanasukuma kinga na magunia mpaka mpakani.

Ukivuka na kufika Ndola, kule Zambia, utaona mzigo mwingine. Ni kwenye uwanja wa golfu, wenye vichuguu virefu kupita mtu. Mchezaji anazunguka mashimo 18 na mfuko wa fimbo. Kuna anayepanda kigari cha moteri. Kuna anayekokota kitoroli cha magurudumu mawili. Mwingine anaita kijana, kedi, aweke mfuko begani. Na kazi ya kedi haiko kubeba tu: anaangalia mpira umeangukia wapi, anasawazisha mchanga.

Zamani mifuko mingine ilijazwa fimbo zaidi ya 20. Mwaka 1938 chama cha golfu cha Marekani kikakata neno: fimbo 14, basi.

Baba na mama, hata mchezo uliwekea mzigo kipimo. Mbele ya kumtwika mtoto gunia, tupime kwanza. Kubeba haiko haya. Kuzidisha ndiyo kosa.